Nyigu Si Mjamaa

Nimefundisha watu wazima kusoma na kuandika kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo sijapata mwanafunzi mgumu kuliko mimi mwenyewe. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akadhani anayemsimulia habari za wadudu ni mtu aliyewahi kuwajua. Siku zile nilikuwa na hakika ya mambo mawili tu kuhusu wadudu: kwamba mama mkwe wangu hajui kitu, na kwamba mimi najua. La kwanza lilikuwa na ukweli kidogo. La pili halikuwa na ukweli wowote.

Tulikaa Cheyo, mjini Tabora. Mume wangu alikuwa gadi wa treni, akipita Kaliua kila safari ya kwenda Mpanda, na nyumbani tulibaki wanawake wawili, mimi na mama yake. Yeye ni Mnyamwezi wa kuzaliwa na kulelewa. Mimi ni mtu wa Ujiji, na watu wa Ujiji tunajua kusema. Babu yangu alipita njia ile ya zamani ya misafara mara nyingi na mzigo kichwani, na nadhani alichomrithisha mjukuu wake ni sauti ya kuwaita wenzake walioachwa nyuma. Nikiongea jikoni, jirani wa pili alikuwa anaitika.

Tulikuwa tumeoana muda wa kutosha watu kuanza kunitazama tumboni kabla ya kunitazama usoni. Sikuwa na mtoto. Nilikuwa namtaka mtoto kwa namna ambayo sikuweza kuisema, mimi niliyekuwa nasema kila kitu. Akipita mwanamke na mtoto mgongoni nilikuwa nainama kufunga kiatu, hata nikiwa nimevaa kandambili.

Basi mvua za kwanza za mwaka mmoja zilipoanza, aliingia chumbani kwetu nyigu. Si wale wanaokaa kundi zima chini ya paa. Huyu alikuwa peke yake, mweusi, na kiuno chembamba hata unashangaa chakula kinapitaje. Alikuwa anachukua tope penye bomba la uani, analileta tonge kwa tonge, na juu ya dirisha la chumba cha kulala akafinyanga kijumba mfano wa chungu kidogo, kisha cha pili ubavuni mwake, kisha kingine.

Nilikwenda kuchukua ufagio. Mama mkwe akanishika mkono.

“Usimguse, mwanangu. Huyu akijenga chumbani, ujue humo ndani kuna mimba.”

Nilimjibu kwa heshima zote kwamba, mama, hayo ni mambo ya zamani, na sasa tumejitawala. Heshima zote maana yake niligeuka ukutani ili asinione ninavyocheka. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimechora panzi darasani na kumwekea mishale, kichwa, kifua, tumbo. Lakini nyani haoni kundule. Mtu huyohuyo aliyemcheka mama wa watu, akimwona vunjajungu mlangoni, alikuwa anaweka kwanza sahani chini, taratibu, ndipo anampisha apite, maana tangu utoto alijua kwamba ukimgusa vunjajungu lazima utavunja chombo. Kwangu huo haukuwa ushirikina. Ulikuwa uangalifu.

Ufagio niliurudisha mahali pake, nikasema namwacha nyigu kwa ajili ya kumridhisha mzee. Siku zilizofuata nilifagia kila ukuta isipokuwa ule. Mume wangu aliporudi na kutaka kutundika kofia yake ya kazi kwenye msumari wa karibu na dirisha, nilimfokea hata akaenda kuitundika sebuleni. Na bomba la uani, naomba radhi kwa majirani wa wakati ule ambao walilalamika juu ya maji yaliyokuwa yanapotea, koki yake haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyekuwa naiacha inadondoka kidogo ili nyigu asikose tope.

Asubuhi moja nilisikia harufu ya mafuta ya taa, moyo ukanichafuka. Sikumwambia mtu. Nilinunua ndimu nikawa nazinyonya darasani mbele ya wanafunzi wangu, wanawake watu wazima waliozaa na kuzika na kuzalishana, nikidhani hawaoni. Nilianza kutembea nimeegemea nyuma kidogo. Kisha asubuhi nyingine nikakuta vile vyungu vya udongo vimetobolewa, kila kimoja na tundu lake, nyigu wapya wameshaondoka kupitia dirishani. Siku chache baadaye na mimi nikaona nilichokuwa nakiona kila mwezi.

Nililia. Kisha nikachukua ule ufagio nikavibomoa vyungu vyote, nikamwambia mama mkwe kwamba nimefanya usafi. Alizitazama zile chengachenga za udongo sakafuni.

“Nyigu naye hukosea nyumba,” akasema, akaenda kutia maji ya chai jikoni.

Mwaka uliofuata, mawingu yalipoanza tena kukusanyika, nilikwenda Gongoni kununua mafuta ya taa katika duka la mzee mmoja Mhindu. Alizaliwa Tabora kama baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Juu ya rafu ya sabuni nikaona nyigu wangu, au ndugu yake, anafinyanga. Nikamwuliza mwenye duka mbona hambomolei.

“Simbomolei, Mama Mwalimu, kwa sababu huyu ni mwalimu mwenzako,” akasema. “Huyu hazai. Anakwenda kuchukua kiwavi, mtoto wa mdudu mwingine, anamfungia ndani ya udongo. Halafu anakaa nje anamvumia. Anavuma, anavuma. Yule mle ndani hasikii sauti nyingine wala hawazi kitu kingine ila nyigu. Mwisho anageuka kuwa nyigu. Bibi yangu alikuwa anatuambia ndivyo mwanafunzi anavyofanana na mwalimu wake.”

Nilitoka pale nikasahau mafuta ya taa juu ya meza. Njia nzima ya kurudi Cheyo nilikuwa nazungumza peke yangu. Hazai! Hazai, na bado ana watoto! Kumbe mwaka ule nyigu hakukosea nyumba. Alikuja kwa mwenzake. Sikumwuliza yule mzee bibi yake alijuaje, wala sikujiuliza mwenyewe. Hadithi ilinikaa kama gauni lililoshonwa kwa vipimo vyangu, na mtu akipata gauni la namna hiyo haulizi kitambaa kimetoka wapi.

Darasa letu la kisomo lilikuwa katika ofisi ya tawi la chama, alasiri, watu wakishatoka shambani. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wa wanafunzi, anakaa nyuma kabisa, na kuamkiana kwetu kulikuwa na tabu yake. Nyumbani nilikuwa namwamkia shikamoo. Darasani watu wote walisimama kunisalimia mimi, na yeye akasimama nao, kisha tukatazamana, na kila siku mmoja wetu alikuwa anakohoa.

Wakati ule tulitakiwa kila somo tulifungamanishe na Ujamaa. Walimu wenzangu walikuwa wanatumia nyuki, na kwa mkoa wetu wa asali mfano huo ulikuwa umechakaa. Mimi nikaja na nyigu. Nilisimama mbele ya watu wazima wale, nikawaambia nyigu ndiye mjamaa wa kweli. Hasemi huyu ni wangu na huyu ni wa fulani. Anamchukua mtoto wa mwenzake, anampa nyumba, anamfundisha, anamlea mpaka wanafanana. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NYIGU ANALEA. Katibu wa tawi alikuwa anapita nje, akasimama mlangoni kusikiliza, akapiga makofi. Mama mkwe alipofikiwa na zamu yake alisoma kwa kufuatisha kidole hewani, na hakukosea hata herufi.

Jioni ile tulikuwa uani tunachagua mchele. Akaniita.

“Mwalimu.”

Nyumbani hakuwa ananiita Mwalimu, kwa hiyo nilijua nimekwisha.

“Wifi yako kule Kaliua wamehamia kijiji kipya. Shule yao ni kuta tu, bado bati. Ana yule binti yake anayetakiwa kuanza darasa la kwanza. Siku zote nilikuwa naogopa kukuambia, nikisema utaona nakusimanga kwa kutozaa. Lakini leo umesema mwenyewe, tena mbele ya katibu.”

Mdomo uliponza kichwa. Nilitaka kumwambia kwamba mfano ni mfano tu, lakini ningesemaje, mimi niliyewasomesha watu ubaoni? Na ukweli ni kwamba nilikuwa na kinyongo. Nilitaka mtoto wangu, nimbebe tumboni na watu waone. Kumlea wa wifi ilikuwa kama kutangaza kwa kengele kwamba nimeshindwa. Mama mkwe akaona nimenyamaza, jambo ambalo lilikuwa geni katika nyumba ile, akaongeza taratibu kwamba wengine wakimlea mtoto wa ndugu, tumbo nalo hufunguka. Nikakubali. Kati ya sababu zangu zote za kukubali, sina uhakika kama kulikuwa na moja iliyomhusu yule mtoto.

Mume wangu akamleta katika behewa la gadi, akiwa na kuku kwapani aliyetumwa na mama yake. Mtoto alikuwa mwembamba, macho makubwa, magoti yenye makovu ya kutosha watoto wawili. Nilimwambia aniite mama. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akaniita Mwalimu, kwa sababu uani pale majirani wote waliniita Mwalimu.

Haidhuru, nilijiambia. Nyigu hakati tamaa. Nikaanza kumvumia.

Nilimnunulia viatu. Nilimsuka nywele kama nilivyosukwa mimi Ujiji. Nikaamuru kwamba mle ndani ni Kiswahili tu, asije akaenda shule akachekwa, na mama mkwe nikamkataza kuzungumza Kinyamwezi na mjukuu wake, katika nyumba ya mwanawe mwenyewe. Sema kama mimi. Kaa kama mimi. Shika kijiko kama mimi. Na kula, nilimpa maziwa asubuhi, uji wa karanga, nyama nikimchagulia ya mnofu, na kila akimaliza nilikuwa nambonyeza mkono nikisema, “Kula, mwanangu, kula unenepe.” Mtoto akawa kimya kabisa. Niliwaita majirani waone anavyotulia. Mume wangu, ambaye maneno yake yote ya mwezi mmoja yangetosha kwenye tiketi ya treni, alisema, “Huyu kwao alikuwa anaongea.” Nikamwambia yeye ashughulike na mabehewa.

Mvua zikashika. Nyigu akarudi juu ya dirisha lilelile, na safari hii sikuwa na haja ya kuficha furaha yangu. Nilimwita mtoto chumbani, nikamwonyesha. Tuliona kwa macho yetu akiingia na kiwavi wa kijani mkubwa karibu sawa na yeye, anamsukumiza ndani ya chungu. Nikamweleza habari yote: kwamba yule mama hana watoto, kwamba amewachukua wa wenzake, kwamba mle ndani wanafundishwa, na wakitoka watakuwa nyigu kama yeye. “Kama mimi na wewe,” nikamwambia.

Kwa mara ya kwanza tangu afike alinisikiliza kwa macho yote.

“Mama zao wanajua?” akauliza.

“Wanajua, na wanafurahi,” nikasema. Lilikuwa jibu la mwalimu ambaye hakuandaa somo.

Siku ya pili yake nilitoka darasani nikamkuta chumbani, amesimama juu ya kigoda, kijiko mkononi, vumbi la udongo limejaa kitandani kwangu. Alikuwa amekibomoa chungu kimoja, kile cha kwanza kuzibwa. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulifika stesheni.

“Nawatoa,” akasema bila kugeuka. “Waende kwao.”

Nilisogea nikiwa nimeshainua mkono, na mkono ukabaki hapohapo. Mle ndani viwavi walikuwa wamebanana, wa kijani, wazima. Mmoja alijikunja kidogo alipoguswa na kijiko, lakini hakuweza kutambaa. Wote walikuwa kama watu waliolewa wasioweza kusimama. Na katikati yao alikuwa funza mmoja mnene, mweupe, hana macho, kichwa chake kimezama ndani ya ubavu wa kiwavi. Alikuwa anafyonza. Pembeni yake yalikuwepo magamba makavu ya wale aliowamaliza.

“Anawala, Mwalimu,” mtoto akasema. “Anawala!”

Basi huo ndio ulikuwa ulezi. Nyigu alikuwa mama kweli, tena mama mwenye bidii, lakini mtoto wake alikuwa yule funza mmoja, wa yai lake mwenyewe. Wale wengine alikuwa amewachoma mwiba wasiweze kukimbia, akawapanga kama akiba ya chakula, wakiwa hai ili wasioze. Hakuna aliyefundishwa kitu mle ndani. Hakuna aliyegeuka.

Ningependa kusema kwamba nilimwaza mtoto kwanza. Niliwaza ubao. NYIGU ANALEA, herufi kubwa, na makofi ya katibu. Nilipomaliza kuona haya ndipo nikatambua kwamba mtoto hamtazami tena funza. Ananitazama mimi. Alishuka kwenye kigoda polepole, akapita ukutani mbali na mimi, akatoka.

Jioni hakula. Nilimwekea maziwa, akayasukuma. Nyama akaiacha. Nilimbonyeza mkono kama kawaida yangu, nikaanza kusema kula unenepe, nikajisikia mwenyewe, nikanyamaza katikati ya neno.

“Mimi si nyigu,” nikamwambia.

“Ulisema ni kama wewe na mimi,” akajibu.

Sijawahi kuogopwa namna ile. Wanafunzi walikuwa wananiogopa, mume wangu alikuwa ananiogopa kidogo kwa manufaa yake, lakini huyu aliniogopa kama kitu kinachokula. Na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mama mkwe alimchukua chumbani kwake na kunitazama kwa namna ya kuuliza, nikamwambia sema naye unavyotaka. Nikawasikia kupitia ukuta. Kinyamwezi kilimtoka yule mtoto kama maji yaliyokuwa yamezibwa, na sikuelewa hata neno moja isipokuwa “Mwalimu”, ambalo lilirudi mara nyingi mno.

Darasani nililazimika kulirudia somo. Niliwaambia watu kwamba nyigu halei, kwamba wale viwavi ni kitoweo. Muuza vitumbua mmoja, mwanamke wa maneno machache, akauliza kama hivyo ndivyo Ujamaa wenyewe ulivyo ndani yake. Darasa zima likaangua kicheko, na mama mkwe wangu kule nyuma akajifunika kanga usoni, mabega yakimcheza. Katibu wa tawi aliponiita ofisini alinishauri kwa upole nitumie siafu, kwa mshikamano wao. Nilimshukuru. Kila mwenye banda la kuku pale Cheyo alikuwa anajua mshikamano wa siafu.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Mtoto hakuwa anakula kwangu ila kwa mkono wa bibi yake, na nikiingia mahali alikuwa anatoka. Nikaona nimrudishe kwa mama yake. Sikutaka mume wangu ndiye ampeleke. Nilikwenda mwenyewe, kwa treni, mimi na yeye tumekaa benchi moja na nafasi ya mtu wa tatu katikati yetu.

Tulipopita Urambo mbung’o aliingia dirishani, akanichoma mkono. Hapa tena naomba nivumiliwe. Nilikuwa nimewafundisha watu juu ya ugonjwa wa malale, kwa hiyo nilikuwa na uhakika usiotikisika kwamba mbung’o akikuuma usingizi unakuja, na ukilala huamki. Kwamba si kila mbung’o ana ugonjwa, na kwamba mwenye kuupata haanzi kwa kusinzia palepale, hayo niliambiwa baadaye, tena na daktari aliyekuwa anajizuia kucheka. Siku ile, baada ya kuchomwa, nilisikia kope zikiwa nzito. Joto la mchana, mlio wa reli, na sikuwa nimepata usingizi wa maana tangu siku ya kijiko. Sababu zilikuwepo tele, ila mimi nikaona kifo.

Nikamwambia mtoto, kwa sauti ya mtu anayeusia, kwamba nimeumwa na mbung’o na nikilala ndiyo basi. Alinitazama kwa muda. Kisha akasogea, akajaza ile nafasi ya mtu wa tatu, akaushika mkono wangu akanifinya. Kope zikishuka, ananifinya. Alikuwa na kucha. Alinifinya kituo hadi kituo, uso umekunjamana kwa kazi, na mara moja niliposinzia kweli alinifinya shavu hata mzee mmoja wa mbele yetu akaguta. Nilishuka Kaliua mkono umejaa alama nyekundu, na moyo umenijaa kitu ambacho sikuthubutu kukigusa, kwa sababu nilikuwa nampeleka kumwacha.

Kijiji chao kipya kilikuwa kimepangwa mstari, nyumba za miti na udongo, visiki bado vinatoa majani katikati ya njia. Wifi yangu alikuwa anapalilia. Mtoto alipomwona alivua viatu nilivyomnunulia akavitupa, akakimbia peku juu ya visiki, na kabla hajamfikia alikuwa ameshaanza kusema. Alisema alasiri nzima. Alicheka kwa kelele, akaiga watu, akawaiga majirani zetu wa Cheyo, na alipofika kwangu, nilijua ni mimi kwa jinsi alivyojishika kiuno na kutoa sauti, wadogo zake wakagaagaa chini kwa kicheko. Nilikuwa nimekaa naye wiki na wiki na sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake. Hilo liliniuma kuliko mbung’o.

Wifi alinikaribisha ugali na uyoga, akangoja nimalize kunawa.

“Amenieleza habari za yule mdudu,” akasema. “Kwani siku hizi unakula watu, wifi?”

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Nikamwambia mtoto abaki, mimi sijui kulea, nimejaribu kumfanya afanane na mimi na nimemtia hofu. Nilisema mengi, unanijua. Akaniacha nimalize.

“Sikukupa ili abadilike,” akasema. “Nilikupa asome. Kufanana na mimi inatosha.”

Hakusema kwa ukali. Akanifungia mahindi mabichi kwenye kanga, akasema shule zikifunguliwa watazungumza yeye na mtoto, na mtoto akikataa nisimlaumu. Nilirudi Tabora peke yangu. Mama mkwe alinipokea mahindi mlangoni, akatazama nyuma yangu. Wiki zile nilitembea ndani ya nyumba ile nikiwa na adabu kama mgeni. Nilimwomba mama mkwe anifundishe maneno ya Kinyamwezi, na kwa mara ya kwanza akawa mwalimu yeye na mimi mjinga, na alinifokea vizuri tu. Kumbe na yeye anaweza. Kila treni ya kutoka Kaliua ilipolia nilikuwa nasimama.

Shule zilipokaribia kufunguliwa wifi alikuja mwenyewe na kikapu kichwani, na mtoto nyuma yake, peku, viatu vimefungwa kamba shingoni. Nikamsalimia kwa Kinyamwezi. Sijui nilichosema, lakini alicheka hadi akakaa chini, kisha akanisahihisha, nikarudia, akanisahihisha tena. Wifi alikaa nasi mpaka alipoona bintiye amezoea darasa, akaondoka.

Tumbo langu halikufunguka, si mwaka ule wala miaka iliyofuata. Nyigu waliendelea kuja na mvua, wakajenga walipotaka, na hakuna aliyewasomea chochote. Mtoto aliendelea kuniita Mwalimu. Nilikuwa nimeacha kungoja neno jingine. Nilijiambia mwenye kula na kulala kwangu bila kuogopa amenipa vya kutosha, na siku nyingi niliamini hivyo.

Asubuhi moja nilimtuma maji, akachelewa. Nilichukua ndoo ya pili nikatoka kumfuata, maneno ya kumgombeza yamejipanga mdomoni. Kabla sijavuka mlango wa uani nikamsikia mwanamke mpangaji mgeni, penye bomba, anamwuliza, “Hivi wewe mama yako hasa ni yupi? Yule aliyekuja juzi na kikapu au huyu Mwalimu?”

“Wote,” akajibu, akiwa anainua ndoo. “Wa Kaliua ndiye mpole.”

Nikarudi ndani na ndoo yangu, nikakaa kitandani, nikalia hadi mama mkwe akaja mbio kuuliza nani amekufa.